Download Imekwama 97%? Hizi Faili za PAR2 Zinaweza Kuifufua

Unajua venye hukuwanga. Umeacha faili ya giga nne ikishuka usiku mzima, bundles za usiku zimeenda zote, asubuhi unafungua folda. Jina liko, saizi inakaa sawa, unabonyeza play. Inacheza dakika kumi na nane, alafu picha inageuka masanduku ya kijani na sauti inapotea. Kama ni zip, inakataa kufunguka kabisa. Wasee wengi wanajua njia mbili tu hapo: futa uanze upya, ama usande. Iko ya tatu, na imekuwa duniani zaidi ya miaka ishirini.

Wacha nikupe kesi ya hapa Masaku ndio uone kwa nini naandika hii story.

Kuna msee anashoot video za harusi, matanga na ntheo. Ofisi yake ni meza moja ndani ya duka la kuprint hapa town. Alishoot ntheo ya familia moja ya upande wa Kathiani. Kama wewe si Mkamba, ntheo ni ile siku mbuzi zinapelekwa kwa kina msichana, na bila hiyo wazee watakuambia hakuna ndoa hapo, hata kama mmezaa watoto watano. Footage ilikuwa faili tatu, kila moja giga nne hivi. Jumla giga kumi na mbili.

Wiki chache baadaye, susu wa bibi harusi akaaga. Hiyo ntheo ndio ilikuwa mara ya mwisho ameshikwa na kamera, ameketi kwa kiti cha plastiki, anapiga makofi na kuimba na wamama. Kaka ya bibi harusi ako Doha, anafanya kazi ya ulinzi. Hakupata ruhusa ya kuja ntheo, hakupata ya kuja matanga. Anataka hiyo video. Na si ile clip ya WhatsApp imefinywa mpaka susu anakaa kama amechorwa na kalamu ya rangi. Anataka yote.

Mara ya kwanza ilikatikia njiani. Mara ya pili zikafika, lakini faili mbili kati ya tatu zikawa na kasoro, juu Wi-Fi ya hosteli yao inagawanywa na watu wengi na kila saa inakatika. Kupandisha upya kutoka Masaku, stima ikapotea. Na kadi ya kamera ilikuwa ishafutwa, juu kadi ndio hiyo hiyo inatumika Jumamosi ingine. Imebaki kopi moja kwa hard disk ya huyo msee, na mzee wa familia ashaanza kupiga simu na ile sauti ya wazee.

Kilichookoa hiyo kazi ni kitu inaitwa PAR2.

Fikiria spea ya gari. Ukipata pancha pale Kyumbi, hauendi kununua gari ingine. Unatoa spea, unafunga, unasonga. Sasa fikiria spea ya ajabu, yenye inaweza kuingia mahali pa gurudumu lolote, la mbele ama la nyuma, la gari yako ama la jirani. Hivyo ndivyo faili ya PAR2 inafanya. Inakata data yako vipande vipande, alafu inatengeneza vipande vya spea pembeni. Kipande kimoja cha spea kinaweza kujaza pengo la kipande chochote kimepotea. Umepoteza kumi, unahitaji spea kumi. Umepoteza mia, unahitaji mia. Haijalishi ni zipi.

Hapo ndipo watu husema aah, hiyo ni uchawi. Si uchawi, ni hesabu. Mi niliacha chuo kabla hatujafika kwa hiyo unit, lakini hesabu ya kange naielewa, kwa hivyo twende na ya kange.

Tuseme abiria watatu wamepanda Nai. Wa kwanza analipa 100 ashuke Mlolongo, wa pili 150 ashuke Athi River, wa tatu 200 ashuke Kyumbi. Kange anaandika jumla: 450. Akisahau mmoja alilipa ngapi, hakuna ngori. Anatoa hizo mbili anakumbuka kwa 450, anapata ya tatu. Hiyo 450 ni kipande kimoja cha spea.

Lakini akisahau wawili? Jumla peke yake haitoshi. Sasa tuseme huyu kange ni mjanja, aliandika namba ingine pia: alizidisha pesa ya kila mtu na namba ya kiti, alafu akajumlisha. 100 mara 1, 150 mara 2, 200 mara 3. Hiyo inaleta 1,000. Anakumbuka tu wa kwanza alilipa 100. Kutoka kwa jumla ya kwanza anajua hao wawili wengine walilipa 350 pamoja. Kutoka kwa ya pili, akitoa 100, anajua wa pili mara 2 na wa tatu mara 3 inafika 900. Sasa angalia: kama wote wawili wangezidishwa mara 2 ingekuwa 700. Imezidi na 200. Hiyo 200 ya juu ni ya wa tatu. Wa pili basi ni 150. Zote zimerudi, na hakuna mahali aliandika 150 ama 200.

Ongeza namba ya tatu, unaweza kusahau watatu. Ongeza mia, unaweza kusahau mia. Kompyuta inafanya hivyo hivyo na data, ila inatumia hesabu spesheli yenye namba hazizidi 65,536, ukizidisha unajikuta umerudi ndani ya hizo hizo, ndio faili za spea zisifure. Wenye walitoa hii form ni Irving Reed na Gustave Solomon, mwaka wa 1960, wakiwa maabara ya Lincoln ya MIT kule Marekani. Karatasi yao ilikuwa fupi na wakati huo kompyuta za kuitumia vizuri hazikuwa. Baadaye ikaingia kila mahali. Zile CD za kitambo zilikuwa zinacheza hata zikikwaruzwa kwa sababu hiyo. Chombo cha Voyager 2 kilituma picha za Uranus mwaka wa 1986 zikiwa zimelindwa na hesabu ya Reed na Solomon. Na ile QR ya kulipia imebandikwa kwa kaunta ya duka, imechanika kona na ina mafuta ya chipo, na bado simu inaisoma? Ni hao hao wazee wawili. QR ikitengenezwa kwa kiwango cha juu inaweza kuvumilia karibu asilimia 30 yake iharibike.

Na PAR yenyewe ilizaliwa wapi? Ilizaliwa Usenet.

Wengi wenu hamjaiona. Usenet ilianza Marekani, wanafunzi wa Chuo cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walipata hilo wazo 1979 na ikaanza kutumika 1980. Ni kama magrupu, lakini hakuna mwenye grupu na hakuna kampuni moja inamiliki. Ujumbe wako unaingia kwa seva moja, hiyo seva inapea ingine, hiyo ingine inapea ingine, mpaka dunia nzima inao. Wakenya wa ng'ambo walikuwa na kona yao pia, soc.culture.kenya, wakibishana siasa ya nyumbani kabla ya Twitter kufikiriwa. Huku nyumbani mwanzo wa miaka ya 1990 intaneti kamili haikuwa. Shirika la ELCI pale Nairobi lilikuwa linakusanya barua pepe za watu, alafu modemu inazibadilisha na GreenNet ya London kwa simu. Fikiria bili.

Sasa shida ya Usenet ni kwamba iliundwa kubeba maneno, si mafaili. Ukitaka kutuma faili kubwa, lazima igeuzwe ikae kama maandishi, alafu ikatwe vipande mamia ama maelfu, kila kimoja kiende kama ujumbe wake. Na seva zikipeana ujumbe, zingine zinapotea. Mimi nakosa kipande cha 12, wewe unakosa cha 803, mwingine wa Brazil anakosa cha 45. Zamani kila mtu alikuwa anaomba arushiwe kile chake upya, na mwenye alituma anakesha akijaza mapengo ya watu. Mwaka wa 2001 ikatoka PAR ya kwanza, alafu baada ya muda mfupi PAR2, ambayo maelezo yake rasmi yaliandikwa na Michael Nahas. Na hapo ndipo utamu uko: kipande kimoja tu cha spea kinatosha sisi watatu. Mimi nakitumia kurudisha cha 12, wewe cha 803, wa Brazil cha 45. Spea ni ile ile. Ukitumia watu hamsini faili moja, huhitaji kujua nani alikosa nini.

(Ndio, najua magrupu ya Usenet yalijaa movie za wizi. Hii si somo la hiyo. Panga hukata miwa na hukata watu.)

Leo hata Google ilishajitoa, tangu Februari 2024 haipokei ujumbe mpya wa Usenet. Lakini faili za PAR2 hazihitaji Usenet. Zinafanya kazi popote data inaweza kuharibika: flash disk, hard disk ya zamani, kupandisha na kushusha mtandaoni. Na sisi tunajua kuharibikiwa. Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009 na tukasema tumeomoka, lakini Mei 12, 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zikakatika baharini na net ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima usiku. Kama ulikuwa unatuma kazi ya klayenti siku moja ya hizo, unajua.

Sasa vile inafanywa

Kwa Windows, tafuta MultiPar, ya Yutaka Sawada. Ni ya bure. Kuna ya zamani inaitwa QuickPar, bado watu wanaitaja, lakini achana nayo, imezeeka. Ukifungua MultiPar unaongeza faili zako, unachagua asilimia ya spea, unabonyeza Create, unaenda kukunywa chai. Kwa Linux programu inaitwa par2, na kwa Ubuntu unaiweka hivi:

sudo apt install par2

Alafu ukiwa ndani ya folda yenye video:

par2 create -r10 ntheo.par2 *.MP4

Hiyo r10 inamaanisha asilimia 10 ya spea. Usipoandika kitu, inakupea asilimia 5 na inakata data vipande 2,000 hivi.

Turudi kwa video ya Kathiani ndio hizi namba ziwe na maana. Giga 12 kukatwa mara 2,000 ni kama mega 6 kila kipande. Asilimia 10 ni vipande 200 vya spea, kama giga 1.2. Utaona folda imejaa faili za majina ya ajabu: ntheo.par2 yenye ni ndogo sana, alafu ntheo.vol000+01.par2, ntheo.vol001+02.par2, ntheo.vol003+04.par2, na kuendelea. Usiogope. Namba ya baada ya jumlisha ndio idadi ya spea ziko ndani: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, na ya mwisho inabeba zenye zimebaki. Zimepangwa hivyo makusudi, ndio mtu achukue zile anahitaji tu, si zote.

Jamaa wa Doha alishusha kwanza ile ndogo, ntheo.par2. Hiyo haina spea, ina orodha: kila kipande na alama yake ya vidole. Akaambia programu ikague:

par2 verify ntheo.par2

Ikapitia faili zake zilizoharibika kipande kwa kipande, ikamwambia zimekosekana 37. Hapo yeye ni kuchagua tu. 32 jumlisha 4 jumlisha 1 ni 37. Akachukua hizo faili tatu za spea, kama mega 222. Si giga 12. Mega 222. Alafu:

par2 repair ntheo.par2

Laptop yake ikakaa ikipiga kelele ya feni, ikamaliza, faili zote tatu zikafunguka. Alitumia familia voice note ya dakika mbili, nusu yake hasemi kitu.

Kuna vitu hapa usikose kushika.

Kubwa kabisa: spea inatengenezwa wakati kitu bado ni kizima. Hii ndio watu hawataki kusikia. Kama saa hii una faili imeharibika na hakuna mwenye alitengeneza PAR2 kutoka kwa ile nzima, hakuna kitu nitakuambia. Huyo msee wa video aliokolewa na kwamba kopi ya hard disk ilikuwa bado poa. Siku hizi anatengeneza PAR2 usiku ule ule anatoa footage kwa kadi, kabla hata ya kuosha uso.

Pili, ukipoteza vipande 201 na una spea 200, hupati 200. Hupati kitu. Kange mwenye amesahau watu watatu na ana jumla mbili bado amekwama. Kwa hivyo asilimia chagua na akili. Kwa kitu unatumia mtu mara moja kwa net ya kawaida, 5 ni sawa. Kwa video ya matanga yenye unaweka miaka kumi kwa hard disk ya mtumba, mimi ningeweka 15 ama 20, na ningeweka faili za PAR2 pia kwa disk ingine.

Kitu ingine, baiti moja ikiharibika ndani ya kipande, kipande chote kinahesabiwa kimekufa. Kama flash yako inaharibu data kidogo kidogo kila mahali, vipande vikubwa vitakuumiza. Ongeza idadi, kwa mfano -b8000, kila kipande kinakuwa kidogo. Mwisho wake ni 32,768. Lakini kazi ya kuhesabu inaongezeka pia, na hizi laptop zetu za ex-UK zitachukua masaa. Na kama una picha elfu tatu za harusi, zifunge kwanza kwa zip moja, juu kila faili lazima ichukue angalau kipande kimoja chake, na vipande 2,000 havitoshi picha 3,000.

Kama download imekatika tu katikati na tovuti inakubali kuendelea, endelea na ile ya kawaida, wget -c ama programu yoyote ya kushusha yenye inakumbuka ilifika wapi. Ni rahisi kuliko PAR2. PAR2 ni ya pale faili imefika lakini ina mashimo, ama pale hakuna njia ya kuendelea.

Alafu hizi flash za bei ya kutupa zinauzwa zimeandikwa giga 512. Nyingi ndani ni giga 16 ama 32 zimedanganywa zijitaje kubwa. Ukijaza, data mpya inakanyaga ya zamani na jina la faili linabaki kama jeneza tupu. Hiyo hakuna spea ya asilimia 10 itaokoa, juu imepotea asilimia 90. Lakini PAR2 verify itakuambia siku ile ile umenakili, kabla hujampea klayenti na kabla hujafuta kadi. Kwa kazi ya video, hiyo peke yake inatosha kufanya uiweke.

Na usisumbuke kama mtu alibadilisha jina la faili njiani, ikawa VID-susu-final-final2.MP4. Ipatie tu hiyo faili ikague, itaitambua kwa alama zake za ndani, na ikirekebisha italirudisha jina la kwanza.